Manahodha Wengi, Chombo Kimoja: Nani Ataratibu Maendeleo ya Mashambani?

Wahenga walinena kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii ilitungwa na watu waliozoea bahari, lakini pengine hakuna kauli inayoieleza vyema zaidi hali ya miradi ya serikali katika maeneo ya mashambani nchini Kenya, hata kule ambako bahari haijawahi kuonekana. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tatizo kubwa la miradi hiyo si uchache wa fedha pekee, wala si uhaba wa sheria. Tatizo ni kuwa kila jaribio la kuiratibu limeanzia ofisini na kuishia ofisini, ilhali mtu pekee anayeiona miradi yote kwa pamoja, yaani mwanakijiji, hajapewa daftari wala lugha ya kuiratibu.

Tuchukue mfano wa kisima kimoja. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, huduma za maji ni jukumu la serikali za kaunti. Hata hivyo, mashirika ya kuendeleza miundomsingi ya maji yaliyoundwa chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016 ni ya serikali ya kitaifa. Mamlaka za maendeleo za kanda, kama ile ya Bonde la Kerio iliyoundwa mwaka 1979, nazo zina miradi yake ya maji. Katika maeneo kame, Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hufadhili ukarabati wa visima. Kisha ipo Hazina ya Usawazishaji, ambayo kifungu cha 204 cha Katiba kimeitengea nusu asilimia ya mapato ya taifa ili ipeleke maji, barabara, huduma za afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Juu ya hao wote tuongeze makanisa, misikiti na mashirika yasiyo ya kiserikali. Kila mmoja ana bajeti yake, mhandisi wake, kamati yake na bango lake la chuma kando ya barabara. Siku pampu inapokwama, mama aliyeshika mtungi hajui amwendee nani. Akienda kwa chifu, anaelekezwa kwa msimamizi wa wadi. Akienda kwa msimamizi wa wadi, anaambiwa kisima si cha kaunti.

Hali hii haikuanza jana. Ili kuielewa, hatuna budi kurejelea historia kwa ufupi.

Mnamo mwaka 1965, miaka miwili baada ya uhuru, serikali ilichapisha Waraka Nambari 10 kuhusu Usoshalisti wa Kiafrika na jinsi utakavyotumika katika mipango ya nchi. Waraka huo ulipendelea fedha ziwekezwe kule ambako zingezalisha zaidi, yaani maeneo yenye rutuba na mvua ya kutosha, kwa matumaini kwamba faida yake ingesambaa baadaye hadi kwingineko. Mwaka uliofuata, kongamano lililofanyika Kericho kuhusu elimu, ajira na maendeleo ya mashambani lilidhihirisha kwamba vijana waliokuwa wakitoka shuleni hawakuwa na kazi na kwamba vijiji vilihitaji mkakati wake mahususi. Kutokana na mjadala huo ulizaliwa Mpango Maalumu wa Maendeleo ya Mashambani, ulioanza kutekelezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika tarafa sita: Kwale, Migori, Tetu, Mbere, Vihiga na Kapenguria. Nia yake ilikuwa njema: tarafa hizo ziwe mashamba ya majaribio ambapo idara zote za serikali zingefanya kazi kwa pamoja, na yaliyofaulu yaigwe kote nchini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliutathmini mpango huo hatua kwa hatua. Hata hivyo, baadhi ya tarafa ziliambatanishwa na wafadhili tofauti wa kigeni, maafisa wa nyanjani waliendelea kusubiri idhini kutoka Nairobi, na kufikia mwisho wa mwongo huo mpango wenyewe ulikuwa umekwisha kabla ya kuigwa popote.

Mwaka 1983 ukaja mfumo ambao wazazi na walimu wetu wanaukumbuka vizuri: Mkazo wa Wilaya katika Maendeleo ya Mashambani. Kila wilaya ilipewa kamati ya maendeleo iliyoongozwa na Mkuu wa Wilaya, na chini yake zikawekwa kamati za tarafa, za kata na za kata ndogo. Mapendekezo yangepanda kutoka chini hadi juu, na fedha zingeshuka kutoka juu hadi chini. Kwa karatasi, mfumo huu ulikuwa na uratibu kamili. Kwa vitendo, mwenyekiti wa kila kamati alikuwa afisa wa utawala aliyeteuliwa na Nairobi, na mwananchi aliyehudhuria baraza alikwenda kusikiliza zaidi ya kusikilizwa. Mapendekezo mengi yalipanda kweli, ila hakuna aliyelazimika kurudi kijijini kueleza ni kwa nini hili lilikubaliwa na lile likatupwa.

Wakati huohuo, wafadhili walikuwa wakigawana wilaya, hasa zile kame. Machakos ilipata mpango wake jumuishi kwa fedha za Jumuiya ya Ulaya kuanzia mwaka 1978. Turkana ikaangukia Norway. Ni huko Turkana, mahali paitwapo Kalokol, ambapo kilijengwa kiwanda cha kugandisha samaki mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kiwanda kilihitaji umeme mwingi na maji safi katika eneo lenye joto kali na uhaba wa vyote viwili, na kiliwalenga watu ambao wengi wao walikuwa wafugaji. Hakikudumu kazini. Baadaye Ghuba ya Ferguson, ambako samaki walikuwa wakivuliwa kwa wingi, ikakauka. Mwaka 1990 uhusiano wa kibalozi kati ya Kenya na Norway ulipovunjika, mpango mzima wa maendeleo ya Turkana ulikatika kama kamba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliokilalia hawakuwa wameulizwa.

Mwaka 2003 Bunge lilipitisha sheria ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge, maarufu kama CDF. Sheria hiyo ilitenga angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Robo tatu yake iligawanywa sawasawa kwa maeneobunge yote 210 ya wakati huo, na robo iliyobaki ikazingatia viwango vya umaskini. Katika mwaka wa kwanza wa fedha zilitolewa shilingi bilioni 1.26. Lazima tuwe waadilifu hapa: kwa mara ya kwanza vijiji vingi viliona madarasa, zahanati na barabara zilizojengwa kwa fedha za umma bila mtu kufunga safari ya kubembeleza ofisi za Nairobi. Wapo wanafunzi wanaosoma makala haya ambao karo yao ilitokana na basari ya hazina hiyo. Lakini hazina hii ilikuwa na uwezo wa kujenga kuta tu. Haikuwa na uwezo wa kuajiri. Zahanati zikajengwa ambapo Wizara ya Afya haikuwa na mpango wa kupeleka muuguzi, na baadhi zikakaa na kufuli mlangoni kwa miaka. Kisheria hakuna aliyekosea. Kamati ya eneobunge ilikuwa na haki ya kujenga, na wizara ilikuwa na haki ya kupanga wauguzi wake kwa mujibu wa orodha yake. Aliyekosa ni mgonjwa.

Mwaka wa fedha wa 2009/2010 ulileta Mpango wa Kuchochea Uchumi, uliotengewa takribani shilingi bilioni 22. Miongoni mwa mengine, mpango huo ulidhamiria kuchimba vidimbwi 200 vya samaki katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, na kujenga masoko ya mazao mabichi. Kuchimba ni kazi rahisi, na vijana walilipwa ujira. Vifaranga wa samaki, chakula chao na soko la kuwauzia ndivyo vilivyohitaji idara nyingine, na si kila mahali idara hizo zilifika kwa wakati. Vidimbwi vingi viligeuka kuwa madimbwi ya vyura. Nayo masoko kadhaa yalikuwa hayajakamilika serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, na hapo likazuka swali la ni nani mwenye jukumu la kuyamaliza: aliyeyaanzisha au aliyeyarithi?

Msomaji makini atakuwa ameshaona mkondo wa hoja hii. Ugatuzi ulitarajiwa kulimaliza tatizo. Katiba ya 2010 iliunda kaunti 47 na kuzihakikishia angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kifungu cha 189 kinazitaka serikali za viwango vyote viwili kushirikiana na kuheshimiana, na Sheria ya Uhusiano baina ya Serikali ya mwaka 2012 ikaunda Baraza la Magavana pamoja na mkutano wa kilele wa Rais na magavana. Kila kaunti inatakiwa kuwa na mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka mitano. Lakini serikali ya kitaifa haikuondoka vijijini: machifu na makamishna walibaki, na mwaka 2019 Amri ya Rais Nambari 1 iliunda kamati za kuratibu miradi ya serikali ya kitaifa zilizoongozwa mashinani na makamishna hao hao. Yeyote aliyeifahamu kamati ya wilaya ya mwaka 1983 angeitambua sura yake.

Nayo CDF ikawa kesi isiyokwisha. Mahakama Kuu iliiharamisha sheria yake ya mwaka 2013 kwa hukumu ya Februari 2015. Mahakama ya Juu ikathibitisha uharamu huo Agosti 2022. Kati ya hukumu hizo mbili, Bunge lilikwisha kutunga sheria mpya ya mwaka 2015 iliyoifunga hazina hiyo katika majukumu ya serikali ya kitaifa. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaiharamisha na hiyo pia, na kuweka tarehe 30 Juni 2026 kuwa kikomo. Kiini cha mashitaka haya ni kilekile: mtunga sheria na mkaguzi wa serikali asigeuke kuwa mtekelezaji wa miradi. Hoja hiyo ni nzito na ninaiunga mkono. Hata hivyo, tusijidanganye kwamba kuondolewa kwa nahodha mmoja kutakifikisha chombo bandarini. Watabaki wengine watano.

Hapo ndipo penye swali la msingi. Kwa zaidi ya nusu karne tumebadilisha jina la kamati, makao ya kamati na mwenyekiti wa kamati. Tarafa ikafuatwa na wilaya, wilaya na eneobunge, eneobunge na kaunti. Kila mara uratibu umemaanisha maafisa kuratibiana wao kwa wao. Ni mara chache tumejiuliza: je, mwanakijiji anaweza kuona mahali pamoja, kwa lugha anayoielewa, mambo yote ambayo serikali inakusudia kufanya katika kijiji chake mwaka huu? Jibu ni la. Mpango wa kaunti uko katika kitabu cha mamia ya kurasa za Kiingereza. Miradi ya eneobunge iko katika faili ya ofisi nyingine. Miradi ya wizara iko katika bajeti ya taifa, iliyogawanywa kwa vifungu na nambari ambazo hata sisi wa chuo kikuu hutokwa na jasho kuzisoma. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari asiloweza kulisoma mwenye mali ni sawa na daftari lisilokuwapo.

Sisi wapenzi wa Kiswahili tunapaswa kuwa wa kwanza kulitambua jambo hili, kwa sababu lugha yenyewe inatufundisha. Tulitazame neno maendeleo. Asili yake ni kitenzi enda, kikazaa endea, kisha endelea. Mtu huendelea yeye mwenyewe. Kitenzi hiki hakihitaji yambwa. Lakini sikiliza mazungumzo ya siasa mashambani. Watu husema mheshimiwa ametuletea maendeleo, au hatujaletewa maendeleo tangu uchaguzi. Neno lililotaja mwendo wa mtu limegeuka kuwa jina la kifurushi kinachopakuliwa kutoka kwenye gari. Mwalimu Julius Nyerere alilisisitiza jambo hili mwaka 1968 alipoandika juu ya uhuru na maendeleo: watu hawaendelezwi, hujiendeleza. Mabadiliko haya ya matumizi hayakutokea kwa bahati mbaya. Anayepokea kifurushi hana haja ya kujua vifurushi vingine vimebeba nini. Kazi yake ni kushukuru. Anayekwenda safari yake mwenyewe ndiye anayeuliza njia, kiasi cha chakula na idadi ya mashua.

Kuna watakaosema kwamba sheria tayari imempa mwananchi nafasi. Ni kweli. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataja uwazi na ushirikishwaji wa umma katika masuala ya fedha. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaeleza namna ya kuitekeleza haki hiyo. Kifungu cha 7 kinatamka kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inatambua kijiji kuwa kitengo cha utawala na inataja mabaraza ya vijiji. Lakini mikutano ya kushirikisha umma aghalabu huendeshwa hivi: afisa husoma muhtasari wa Kiingereza, mwingine hutafsiri papo kwa papo kadiri ya uwezo wake, na kabla jua halijatua orodha ya mahudhurio imetiwa saini kuwa ushahidi wa kushirikishwa. Wananchi walioitwa Jumatatu na kaunti huitwa Alhamisi na hazina nyingine kujadili barabara ileile. Si ajabu kwamba wengi hukata tamaa wakabaki mashambani mwao.

Upo mfano wa nyumbani unaoonyesha kwamba mambo yanaweza kwenda vingine. Kuanzia mwaka 1983, mradi wa maji katika pwani ya kusini, wilayani Kwale, ulihusisha serikali, Umoja wa Mataifa, Benki ya Dunia, shirika la misaada la Sweden na shirika la Kenya la maji na afya. Kwa kawaida wadau wengi kiasi hicho wangeleta pampu za aina tano. Badala yake walikubaliana juu ya kanuni moja: pampu iwe ile ambayo wanakijiji wenyewe, wakiwemo wanawake wanaoteka maji, wanaweza kuifungua na kuitengeneza kwa zana chache. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana pampu ya Afridev, ambayo leo inatumika katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Kamati za maji ziliundwa vijijini, wanawake wakafundishwa ukarabati, na mazungumzo yakafanywa kwa lugha wanayoitumia kisimani. Sidai kwamba kila kisima cha Kwale kingali kinatoa maji. Ninachodai ni kuwa wadau hao waliratibiwa na swali moja lililoulizwa kutoka upande wa mtumiaji: itakapoharibika, nani ataitengeneza? Swali hilo lingeulizwa Kalokol, au katika zahanati isiyo na muuguzi, historia ingekuwa tofauti.

Kwa hiyo napendekeza mageuzi manne, na yote yanaanzia chini.

Kwanza, kila wadi iwe na daftari moja la maendeleo. Zipo wadi 1,450 nchini, na kila moja ina ofisi. Katika daftari hilo kila mradi wa umma, uwe wa kaunti, wa wizara, wa mamlaka ya kanda au wa hazina yoyote, upewe ukurasa mmoja unaotaja mwenye mradi, kiasi cha fedha na zinakotoka, aliyepewa kandarasi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, atakayelipia uendeshaji baada ya ufunguzi, na atakayeitwa mambo yakiharibika. Nakala ibandikwe ofisini kwa chifu, sokoni na shuleni. Iwapo serikali ina mifumo ya kompyuta ya kufuatilia miradi, vyema. Lakini ukuta wa soko hauhitaji nywila.

Pili, iwe marufuku kutoa fedha za mradi ambao haujaandikwa katika daftari hilo na kutiwa saini na yule atakayebeba gharama za uendeshaji. Hakuna zahanati kabla ya saini ya idara itakayomwajiri muuguzi. Hakuna kisima kabla ya saini ya atakayenunua vipuri. Saini hiyo moja ingeokoa fedha nyingi kuliko makongamano kumi ya uratibu hotelini.

Tatu, kamati zipunguzwe. Kijiji kimoja hakiwezi kuwa na kamati ya maji ya mfadhili huyu, kamati ya barabara ya hazina ile na kikundi cha wakulima cha mradi wa tatu, na zote zikawa na wanachama walewale wanaochoka. Baraza la kijiji lililotajwa na sheria ya 2012 liundwe kwa kweli, na wote wenye miradi walipitie. Mikutano nayo iwe na ratiba moja. Kwa kuwa mpango wa kila mwaka wa kaunti huwasilishwa kufikia tarehe mosi Septemba, taasisi zote zije katika mkutano mmoja kabla ya tarehe hiyo, wakae meza moja, waulizwe maswali mbele ya watu wote.

Nne, daftari, muhtasari wa bajeti na mpango wa kaunti viandikwe kwa Kiswahili sanifu na chepesi, si kama tafsiri ya baadaye ikiwa fedha zitabaki, bali kama sharti la uhalali wa mpango wenyewe.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili si lugha ya kwanza ya wakazi wengi wa mashambani. Hilo ni kweli katika Wajir, Turkana na kwingineko, na ndiyo maana mjadala barazani unapaswa kuendeshwa kwa lugha ya wenyeji. Hata hivyo, maandishi yanahitaji lugha ambayo muuguzi kutoka Kisii, mhandisi kutoka Kitui na mzee wa kijiji cha Lodwar wanaweza kuisoma pamoja. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985 na kulifanya somo la Kiswahili kuwa la lazima na la kutahiniwa, vizazi vya Wakenya vimekisoma darasani. Kuwapelekea daftari la Kiingereza ni kuutupa ujuzi ambao taifa limeshaulipia.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Tanzania ilikuwa na Kiswahili katika kila ofisi ya kijiji, lakini kati ya miaka ya 1973 na 1976 watu wengi walihamishiwa vijijini kwa nguvu, na amri hizo zilitolewa kwa Kiswahili fasaha. Lugha ya mwananchi, basi, yaweza pia kuwa lugha ya kumwamrisha. Nakubali. Ndiyo maana sikuanza na lugha, nilianza na daftari na saini. Lugha pasipo mamlaka ni wimbo mtamu tu. Lakini mamlaka aliyopewa mwananchi kwa maandishi asiyoyaelewa hayamfikii kamwe, na kwa nusu karne hilo ndilo lililotufika sisi.

Pingamizi ya tatu haitatamkwa hadharani. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwanasiasa anayepigiwa kura kwa sababu ya bango lenye jina lake hatafurahia daftari linaloonyesha kwamba fedha zilikuwa za mlipa kodi, kwamba mradi uleule umelipiwa mara mbili, au kwamba jiwe la msingi liliwekwa kabla ya zabuni. Kwa hiyo mageuzi haya hayataletwa na hisani ya wakubwa. Yatatokana na wananchi wanaoweza kuuliza swali moja lenye ukurasa na tarehe.

Hapa ndipo ninapowageukia wenzangu wanafunzi na walimu wetu wa Kiswahili. Tumezoea kulalamika kwamba serikali haiijali lugha yetu. Bunge la Taifa lilipozindua Kanuni zake za Kudumu kwa Kiswahili mwaka 2019, tulishangilia, na ilistahili. Lakini kanuni za Bunge husomwa na wachache. Mpango wa wadi unamhusu kila mwenye shamba. Katika madarasa ya tafsiri tunafasiri vifungu vya magazeti ambavyo hakuna atakayevitumia. Kwa nini tusifasiri muhtasari wa bajeti za kaunti tunakotoka, mhadhiri akasahihisha, na kazi ikarudishwa nyumbani? Katika isimujamii tunajadili kwa ari kama tuseme kaunti au gatuzi. Mjadala huo una nafasi yake, ila mwanakijiji anahitaji tuchague neno moja na tulitumie katika kila ukurasa. Anahitaji pia tukubali kwamba yeye husema tenda pale tunapoandika zabuni, na kontrakta pale tunapoandika mkandarasi. Kamusi ndogo inayoweka maneno hayo ubavuni kwa ubavu ingemfaa kuliko tasnifu nzima juu ya usanifu.

Aidha, tuwe waangalifu tusiligeuze jambo hili kuwa njia nyingine ya kutafuta ajira ya watafsiri. Tafsiri iliyojaa istilahi ngumu itamfungia mwananchi nje kama Kiingereza kilivyomfungia. Kipimo cha kazi yetu kiwe rahisi: je, mama wa kisimani akisomewa ukurasa huu mara moja, anaweza kumweleza jirani nani ana jukumu la pampu?

Chombo cha maendeleo ya mashambani kimekuwa na manahodha wengi kwa muda mrefu, na kila mageuzi yameongeza mmoja na kumpa kofia mpya. Hatuwezi kuwatupa wote baharini, kwa kuwa baadhi yao wana ujuzi na fedha tunazozihitaji. Tunachoweza ni kuwalazimisha wote wasome ramani moja, iliyoandikwa kwa lugha ya abiria na kubandikwa mahali ambapo abiria anaiona. Abiria ndiye mwenye chombo. Tusipomwandikia ramani hiyo sisi tunaoijua lugha yake, nani mwingine tunayemngoja?